Kila Mguu na Ukurasa Wake

Ukiingia dukani kwa Fundi asubuhi, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya gundi. Cha pili ni sauti ya mke wake ikikuambia ufute miguu.

Fundi hakuwa wa kuziba matundu na kupiga rangi tu. Kazi yake hasa ilikuwa kushona viatu vya watu ambao viatu vya madukani haviwafai. Mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye kidole kilichopanda juu ya mwenzake, mwenye kisigino kilichoungua utotoni, wote walikuja kwake. Aliwaambia watembee kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma, naye akawatazama kimya. Kisha aliweka karatasi sakafuni, akachora wayo, akaandika vipimo pembeni.

Mke wake ndiye aliyeshughulikia wateja, simu na kompyuta. Majirani walimwita Bi Safi, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Alifagia duka mara nne kwa siku. Mikasi ya mumewe aliipanga kwa urefu, misumari kwa unene. Mteja akidondosha hata kipande cha uzi, Bi Safi alikuwa ameshainama kukiokota kabla hakijatua.

Ukuta wa kushoto ulijaa kalibu. Kalibu ni ule mguu wa mti ambao kiatu hushonewa juu yake; huonyesha umbo la mguu tu, kimo cha soli na kisigino kiko kwenye mchoro. Zilikuwa nyingi, kila moja na msumari wake, na hazikuandikwa chochote. Fundi alizijua kwa mahali zilipo. Ungeweza kumfunga kitambaa machoni, bado angenyoosha mkono na kushika aliyoitaka.

Sasa hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia, kwa sababu kompyuta nayo aliitumia vile vile. Ilikuwa kompyuta kuukuu waliyoinunua kutoka ofisi moja iliyohama. Bi Safi alipiga picha miguu na michoro kwa simu, akaiingiza humo, na karatasi akazitupa. Fundi mwenyewe hakupenda kuandika, kwa hiyo mambo mengine aliyasema kwa mdomo, simu ikarekodi sauti, na sauti nazo zikaingia humo humo. Kila faili lilipofika, Fundi alilivuta kwa kipanya hadi pembe fulani ya kioo, akaliacha hapo. La mlinzi wa benki lilikaa chini kushoto. La mama wa nguo za kukodisha lilikaa katikati, karibu na saa.

Majina nayo yalikuwa ya kwake. Marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi, alimkataza kuandika jina la mtu kando ya kasoro yake. Basi Fundi aliyaita mafaili kwa mwendo wa mtu au kwa tabia yake: Hatua Fupi, Anayeruka Dimbwi, Kisigino Kizito, Binti wa Saa Mbili. Mgeni angedhani ni majina ya farasi.

Mafaili yalifika mia tatu na ushee, yote yamebanana kwenye kioo kimoja. Bi Safi kila alipowasha kompyuta alihisi kuwashwa mwili. Alivumilia mwaka mzima. Jumamosi moja Fundi alikwenda kununua ngozi, na uvumilivu ukamwisha. Alitengeneza folda tatu, akaziita Picha, Michoro na Sauti. Akasomba kila kitu, picha kwenye Picha, michoro kwenye Michoro, sauti kwenye Sauti. Halafu, kwa kuwa yale majina ya ajabu yalimkera, akaiambia kompyuta iyape namba kwa mpigo mmoja. Yakawa Picha 1 hadi Picha 198, Mchoro 1 hadi Mchoro 96, Sauti 1 hadi Sauti 41. Kioo kikabaki cheupe. Alikaa akakitazama kwa raha, kama mtu aliyemaliza kufua shuka zote za nyumba.

Fundi aliporudi, alitupa jicho kwenye kompyuta, akasema kumependeza. Alidhani mkewe amepangusa kioo kwa kitambaa.

Majuma matatu yalipita salama. Wateja waliokuja walikuwa wa kubadilisha soli na kuziba matundu, kwa hiyo Fundi hakuwa na haja ya kugusa kompyuta. Ndipo Jumanne moja asubuhi simu ikalia.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya msichana. "Ni mimi, muuguzi. Yule uliyekuwa ukinifungulia saa mbili kamili."

Bi Safi alimkumbuka mara moja. Alikuwa msichana mcheshi, mguu wake wa kushoto mfupi, na alikuwa na haraka ya kuishi. Alikwisha maliza masomo ya uuguzi na kupata kazi mji wa mbali. Lakini alieleza kwamba njiani, alipobadilisha basi, mkoba wake mmoja ulibaki kituoni na haukuonekana tena. Viatu vyake vilikuwa humo. Sasa alikuwa anatembea na ndala, ya kushoto ameifungia kitambaa kilichokunjwa mara nne. Jumatatu anaanza kazi wodini, na kazi yenyewe ni ya kusimama kutwa.

"Siwezi kuwaambia siku ya kwanza kwamba siwezi kusimama," alisema. "Fundi bado ana vipimo vyangu, si ndiyo?"

"Anavyo, mwanangu. Vimo kwenye kompyuta," alijibu Bi Safi bila wasiwasi wowote.

Walipiga hesabu ya siku. Viatu vilitakiwa kupanda basi la Ijumaa. Kukata, kushona na kuacha gundi ikauke kulihitaji siku mbili. Kwa hiyo Fundi alipaswa kuwa na vipimo mkononi kabla ya Jumatano mchana. Hakukuwa na shida, ilikuwa Jumanne saa tatu asubuhi.

Fundi alifuta mikono, akaketi mbele ya kompyuta, akapeleka kipanya juu kulia. Alikizungusha pale. Akakipeleka chini, akakirudisha.

"Mke wangu, binti amekwenda wapi?"

"Binti gani?"

"Wa Saa Mbili. Alikuwa hapa, kwenye kona."

Bi Safi aliikumbuka ile Jumamosi. Ndipo alipoelewa alichokifanya. Alieleza polepole, tangu folda hadi namba, na kadiri alivyoendelea sauti yake ilizidi kupungua. Fundi hakugomba. Afadhali angegomba. Alinyanyuka, akachukua nyundo, akaanza kugonga kisigino ambacho kilikuwa kimekwisha gongwa vya kutosha.

Bi Safi alijifunga kibwebwe. Alifungua Picha 1, kisha Picha 2, kisha Picha 3. Wayo, wayo, wayo. Aligundua jambo moja siku ile: miguu ya watu, ikipigwa picha bila mwenyewe, yote ni ndugu. Alipofika Picha 60 alikuwa amesahau alichokiona Picha 12. Alipofika Picha 90 alirudi mwanzo. Saa sita ilipopiga alikuwa ameshika tama, macho mekundu. Alikuwa anamwona yule msichana wodini, kitambaa kimefunguka, anayumba mbele ya wagonjwa. Na kosa ni lake yeye, aliyekuwa akitaka usafi tu.

Wakati huo akaingia Dada Waya. Huyu alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, fundi wa redio na simu, mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Yeye na Fundi walikuwa watani wa siku nyingi. Fundi humwambia redio zake hazitembei, naye humjibu kwamba viatu vyake havisemi. Alikuja kuomba gundi. Alimwona Bi Safi, akasahau gundi.

Alipoelezwa, hakucheka, ingawa ungemwangalia vizuri ungeona alitaka.

"Njoo kwangu dakika tano," alisema. "Nawe, shemeji, weka nyundo chini uje. Hicho kisigino hakijakukosea kitu."

Duka la Waya lilikuwa dogo, limejaa redio zilizofunuliwa matumbo. Kwenye meza palikuwa na kompyuta iliyochakaa kuliko ya Fundi. Alifungua programu moja, na ukurasa ukatokea, maneno machache tu juu ya kioo: Redio ya mbao ya mwalimu mkuu. Chini yake aliandika ililetwa lini, iliugua nini, alibadilisha nini. Maneno mengine yalikuwa ya buluu. Alibofya la kwanza, ikafunguka picha ya ndani ya redio. Alirudi, akabofya la pili, ukafunguka mchoro wa nyaya. La tatu lilimpeleka ukurasa mwingine kabisa, wenye orodha ya redio zote zilizowahi kupata ugonjwa ule ule.

"Hii wenyewe wanaiita wiki," alisema. "Usifikirie siku saba. Ni daftari la kurasa, na kila ukurasa unaweza kukupeleka ukurasa mwingine au faili lolote lililomo kwenye kompyuta yako. Yale maneno ya buluu ni viungo. Ukibofya, unafika."

Bi Safi aliuliza kama inahitaji mtandao. Waya alisema hapana. Programu imo humo humo kwenye kompyuta, kurasa nazo zimo humo, hakuna anayeziona isipokuwa anayekaa kwenye kiti kile. Aliipata bure, na ingetoshea kwenye flashi ndogo.

"Basi kosa langu lilikuwa folda?" aliuliza Bi Safi.

"Folda hazina kosa. Ila faili moja linakaa folda moja. Wewe picha ya binti umeiweka huku, mchoro wake kule, na sauti kule kwingine. Umemgawa mtu mmoja mara tatu, halafu ukamnyang'anya jina. Ukurasa unamkusanya tena bila kuhamisha kitu."

Kisha akamgeukia Fundi, ambaye alikuwa anatabasamu chini chini kwa kuona mwenzake anafundishwa. Alimwambia na yeye asijione. Duka zima lilikuwa limekaa kichwani mwake, na kichwa chenyewe kina mvi. Akiugua siku moja, nani atajua nani anakaa kona ipi? Tabasamu la Fundi likaingia mfukoni.

Walirudi dukani. Jambo la kwanza alilofanya Waya lilikuwa kunakili mafaili yote kwenye flashi. Alisema kabla hujagusa kitu cha thamani, kwanza uwe nacho mara mbili. Baada ya hapo aliingiza programu, akafungua ukurasa mtupu, akampa Bi Safi kiti.

Hapo Fundi akagoma. Alisema hataki watu waandikwe. Marehemu baba yake alikuwa na maana. Watu huja dukani na aibu zao, wengine wameficha mguu maisha yao yote. Leo aandike jina la mtu na chini yake aandike kilema? Kesho mteja mwingine anachungulia kioo, habari inafika sokoni kabla ya mwenyewe.

Waya hakumbishia. Alikubali kwamba hilo ni neno la maana kuliko programu yenyewe. Waliweka nenosiri, wakageuza meza ili kioo kitazame ukuta. Lakini Fundi bado alikuwa amekunja uso, na Bi Safi ndiye aliyepata jibu.

"Fundi, tusiandike mtu ana kasoro gani," alisema. "Tuandike kiatu chake kinataka nini."

Fundi alifikiri. Alikuna kidevu. Kisha akavuta kigoda, akaketi ubavuni mwa mkewe, na hiyo ilikuwa ndiyo yake.

Wakaanza. Bi Safi alifungua picha, Fundi akaitazama. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu Fundi hakuhitaji namba wala jina. Miguu ambayo kwa Bi Safi ilikuwa ndugu, kwake ilikuwa watu. "Mlinzi wa benki," alisema papo hapo. "Huyu anakanyagia nje. Soli yake ya nje iwe ngumu." Bi Safi akaandika ukurasa wa mlinzi, akaandika soli ya nje iwe ngumu, akaweka kiungo cha picha. Waya alimwonyesha namna: katika programu yao, neno ukiliweka katikati ya mabano mawili ya mraba huku na mawili kule, linageuka buluu na kuwa kiungo. Mara tatu za kwanza Bi Safi alisahau bano la mwisho. Mara ya nne hakusahau tena.

Aliuliza kwa nini wasitafute ya binti peke yake, maana muda hauwangoji. Waya alimjibu kwamba picha watazifungua kwa vyovyote vile. Wakifungua bila kuandika walichokiona, mwezi ujao mtu mwingine akipiga simu watazifungua zote tena. Kuandika mstari mmoja hakuchukui hata nusu dakika.

Basi waliendelea, na kazi ikanoga. Fundi alikuwa na neno kwa kila mguu. Huyu alikuja na mke wake na kuondoka na mke wa mwenzake, kwa bahati mbaya ya foleni. Yule alilipa kwa kuku, na kuku akakimbia. Bi Safi alicheka hadi akakosea kuandika. Waya alikwenda dukani kwake kuhudumia wateja na kurudi, kila mara akiuliza wamefika wapi. Na wayo wa mtu ulipofanana na wa mwingine, Fundi alisema, na Bi Safi akaunganisha kurasa zao mbili. Baada ya saa mbili palikuwa na ukurasa wa mwanzo wenye majina thelathini, yote ya buluu, yote yamenyooka mstari. Bi Safi aliuangalia akasikia ile raha ya shuka zilizofuliwa.

Picha 113. Fundi aliweka kidole kwenye kioo kabla haijafunguka vizuri. "Huyo ndiye. Mtazame kidole kidogo, kimepanda juu ya mwenzake."

Bi Safi alisahau adabu ya umri wake akapiga makofi. Lakini furaha ile haikudumu. Walipopitia michoro wakapata ya binti mitatu, Mchoro 31, Mchoro 58 na Mchoro 74, kila mmoja na vipimo tofauti. Fundi alikumbuka alimshonea mara tatu, akikosea na kurekebisha. Jozi moja ilimwumiza mgongo hadi akalala siku mbili. Jozi moja ilimfanya ayumbe. Jozi moja ilikaa sawa. Ipi ni ipi? Tarehe za mafaili hazikusaidia, kwa kuwa ya binti Bi Safi aliyaingiza yote matatu kutoka kwenye simu siku moja, na kompyuta ikayaandika yote tarehe hiyo hiyo. Walimpigia simu. Binti alisema yeye namba hazijui, anajua tu kwamba vya mwisho vilikuwa vizuri.

Jua lilikuwa linashuka na duka lilikuwa la kufungwa. Fundi alisema akikisia akakosea, msichana ataanza kazi kwa kulala kitandani mwa wagonjwa. Hatakisia. Bi Safi alitembea kwenda nyumbani akihesabu saa zilizobaki.

Jumatano asubuhi alifika kabla ya mumewe, na kwa mara ya kwanza hakufagia. Aliwasha kompyuta, akafungua ukurasa wa binti, akauacha wazi upande mmoja wa kioo, picha na michoro mitatu ikionekana. Upande wa pili akaanza kusikiliza sauti, moja baada ya nyingine. Fundi alipoingia aliikuta sauti yake mwenyewe inamlalamikia ngozi mbaya. Akakaa, wakasikiliza pamoja. Kila sauti waliyoitambua waliiwekea kiungo kwenye ukurasa wake.

Sauti 17 ilianza kwa kukohoa. Kisha Fundi wa kwenye kompyuta akasema: "Leo amerudi binti wa kidole kilichopanda. Vya sentimita tano vimemwumiza mgongo. Vya tatu na nusu vinamyumbisha. Nimeweka nne kisiginoni, mbili na nusu mbele. Ametembea mlango hadi mlango mara sita. Anacheka."

Bi Safi aligeuza macho kwenye upande wa pili wa kioo. Kidole kilichopanda kilikuwa pale kwenye picha. Sentimita nne kisiginoni, mbili na nusu mbele, zilikuwa pale kwenye Mchoro 58, kwa mwandiko wa Fundi.

Fundi alimshika mkewe bega, akalifinya kidogo, akaenda kushusha kalibu ukutani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Bi Safi akaandika kwenye ukurasa: "Tumia Mchoro 58. Usitumie 31 wala 74. Kidole kidogo kiachiwe nafasi." Halafu alilia kidogo, kwa faraja.

Viatu vilipanda basi Ijumaa, vyeupe, vimefungwa kwenye gazeti na boksi. Jumatatu nzima Bi Safi aliweka simu mfukoni na kuitoa. Haikulia. Usiku ule usingizi haukumjia vizuri. Jumanne saa saba mchana ukaingia ujumbe: "Jana nilirudi nimechoka nikalala na sare. Leo nimesimama tangu asubuhi. Mgongo uko kimya kabisa." Bi Safi alimsomea Fundi mara mbili, kisha akaunakili kwenye ukurasa wa binti, chini ya vipimo, maana hicho nacho ni kitu ambacho fundi anapaswa kukijua.

Kurasa ziliendelea kwa mwezi mzima, kidogo kidogo, wateja wanapopungua. Waya aliwapa onyo moja kali: faili likishawekewa kiungo, lisihamishwe wala kubadilishwa jina ovyo, la sivyo ukurasa utakwenda kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kwa Bi Safi huo ulikuwa mtihani. Kuna siku mikono ilimwasha kabisa kuzigusa zile folda. Siku hizo alifagia duka mara tano. Kila Jumamosi alinakili kila kitu kwenye flashi, na flashi hiyo alikwenda nayo nyumbani, akaifungia kabatini, ili duka likipata balaa kurasa zisife pamoja nalo. Hata Fundi alianza kuingia mwenyewe. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, ulimi nje. Ukurasa wake wa kwanza aliuita Ngozi Mbaya, akaorodhesha humo kila aliyemuuzia.

Baada ya miezi miwili simu ililia tena. Fundi alikuwa amekwenda kununua ngozi, na siku hiyo hakuna aliyesafisha kitu.

"Shikamoo mama. Ni mimi, muuguzi."

"Marahaba, mwanangu. Wagonjwa hawajambo?"

Binti alisema hawajambo, na yeye hajambo, na amepata mshahara, na anataka jozi ya pili. Kisha akavuta pumzi na kuanza, kwa sauti ya mtu aliyezoea: "Sasa mama, mguu wangu wa kushoto, ule mfupi, unajua kwamba kisigino chake..."

Bi Safi alikuwa amekwisha bofya. "Nne kisiginoni," alisema. "Mbili na nusu mbele. Kidole kidogo kiachiwe nafasi. Safari hii unataka rangi gani?"

Binti aliiacha sentensi yake njiani.

"Mama," binti alisema, "tangu nizaliwe, kila mahali ninapokwenda naanza kuueleza huu mguu upya. Shuleni, chuoni, kazini, kila duka. Hakuna siku hata moja niliyoulizwa rangi."

Bi Safi alisogeza kibodi karibu.

"Basi ndiyo nakuuliza, mwanangu."

"Nyekundu," alisema binti.

Bi Safi akaandika nyekundu.